Nati Isiyo na Mstari

Nati ya kwanza aliyoitafuta ilikuwa na mstari. Kinyozi aliisogezea tochi, akaisugua kwa kidole gumba, akaitazama tena. Mstari mweupe, mwembamba, ulianzia juu ya nati ukashuka mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Alikuwa amelala chali juu ya gunia, pua yake shibiri moja tu kutoka tumbo la gari, na alikuwa na hakika kwamba nati hii aliiacha tupu siku ya Jumatano.

"Labda nimesahau," alijiambia. Akajisukuma kwa visigino, akaitafuta ile ya upande wa kulia. Nayo ilikuwa na mstari. Akaenda ya tatu, akaenda ya nne. Alipofika ya saba aliitoa tochi mdomoni, kwa sababu meno yalikuwa yameanza kuuma kwa jinsi alivyoibana.

Miaka minne alikuwa akilifufua gari hilo kwa utaratibu mmoja. Nati aliitia kwanza kwa vidole, ishike tu. Kisha aliikaza kwa spana ya kupimia, ile inayolia "tik" nguvu ikitosha. Ikishalia, ndipo alipochora mstari kwa rangi ya kucha ya mkewe. Penye mstari, kazi imekwisha. Pasipo na mstari, bado. Rafiki yake Pancha, fundi wa matairi, alimshauri aandike kwenye daftari, naye akakataa. Daftari hupotea, alisema, mstari uko pale pale.

Wiki hii alikuwa amefanya kazi vipande vipande, nusu saa kabla ya kufungua kibanda chake cha kunyolea, nusu saa baada ya kufunga. Kati ya nati zilizobaki bila mstari, kumi na nane alizijua. Ni zile zinazopita katikati ya mipira ya bushi, ambazo hazikazwi mpaka gari lishuke chini, maana zikikazwa likiwa juu ya stendi mpira hujisokota. Lakini kulikuwa na nyingine, nane, pengine kumi na mbili, alizoziacha mteja alipopiga simu au giza lilipoingia. Hizo hakuzijua. Hakuwa na haja ya kuzijua. Mistari ilikuwa ikizijua kwa niaba yake.

"Umeona kazi?" iliuliza sauti kutoka nje.

Ilikuwa ya baba wa mkewe. Kinyozi aliona miguu yake tu, ndala za bluu na pindo za suruali zilizopigwa pasi, kando ya kiti cha plastiki.

"Kazi gani, baba?"

"Usijifanye huoni. Angalia mistari."

Kinyozi aliangalia mistari. Yake mwenyewe siku zote ilipinda. Hii ilikuwa imenyooka kama iliyochorwa kwa rula, yote ya urefu mmoja, kila mmoja na ncha yake imechongwa.

"Ni wewe, baba?"

"Nani mwingine humu ndani anajua kushika brashi? Niliona nati nyingine zina mstari, nyingine hazina. Nikasema, mtoto wa watu anakatwakatwa na kazi, hebu nimmalizie. Siku mbili mwanangu. Jana nilikwama hapo chini, nikalala kidogo, nikaendelea." Mzee alicheka peke yake. "Na ile yako, unisamehe, ilikuwa kama kuku amepita na miguu ya rangi."

"Ukachora juu yake?"

"Juu yake? Nani alikufundisha hivyo? Juu ya rangi mbovu haikai rangi nzuri. Nilizifuta zote kwanza, nikapangusa mafuta, zikakauka, ndipo nikachora. Tisini na sita. Nilihesabu."

Kinyozi alibaki amelala. Tone la mafuta lilining'inia kwenye chuma juu ya paji lake, likakataa kudondoka.

"Imenyooka, baba," alisema mwishowe. "Imenyooka sana."

*

Mkewe alirudi kutoka zahanati saa kumi na robo, bado na sare yake ya uuguzi, akamkuta jikoni ananawa mikono ambayo haikuwa imechafuka sana. Alimtazama mara moja tu.

"Gari limekataa."

"Gari halijakataa." Alifunga bomba. "Funga mlango huo kidogo."

Alimweleza kwa sauti ya chini. Mke alisikiliza akiwa ameshika mkoba, hakuuweka chini. Aliujua utaratibu wa mistari. Rangi ya kucha ilikuwa yake, na alikwisha kununua chupa tatu mwaka huo bila kupaka kucha hata moja.

"Kwa hiyo zote zina mistari," alisema, "na hujui ipi ni kweli."

"Sijui hata moja."

"Na kesho ndiyo tunapanda mlima."

"Kupanda si tatizo. Kushuka."

Wote wawili waliijua barabara ile: kona kumi na saba, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine hakuna kitu. Juu kule ndiko alikozaliwa mama mzazi wa mke, na ndiko alikozikwa, mwaka jana. Basi huishia chini ya mlima. Madereva wa magari ya kukodi walikuwa wameulizwa, na wa mwisho alijibu kwamba ana watoto wanaomhitaji. Mzee na goti lake hawezi kutembea saa mbili za mwinuko, na tangu maziko hakuwahi kulifikia kaburi. Kesho fundi mawe angelisimamisha jiwe. Mzee alikuwa amekubaliana naye kwamba jina ataliandika yeye, kwa mkono wake, kwa rangi yake. Alikuwa mchora mabango maisha yake yote. Macho yalikuwa yanaingia ukungu, na daktari wa zahanati alikwisha kusema wazi kwamba mwakani asitegemee kuona herufi.

"Basi mwambie," mke alisema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba amekosea. Watu hukosea."

"Ni baba yako."

"Najua ni baba yangu, nilikuwepo."

Kinyozi alikaribia kucheka. "Nitasimamaje mbele ya mkwe wangu nimwambie kazi yako ya siku mbili ingetuua? Wewe ungeweza?"

Mke aliweka mkoba mezani. Bango la mwisho la baba yake lilikuwa la duka la viatu. Mwenye duka alilirudisha likiwa limefungwa kwenye gazeti, akasema herufi zinaegemea, akaenda kuchapisha kwa mashine. Mzee aliliweka uvunguni mwa kitanda, na hakushika brashi kwa miaka miwili. Jana jioni alikuwa ameimba bafuni. Alimaliza sahani nzima, akaomba kuongezewa, na mke alijifanya anatafuta chumvi ili machozi yake yasionekane.

"Utazikaza zote upya?"

"Dakika tatu kila moja. Tisini na sita." Hakumaliza hesabu.

"Nitampeleka kwa jirani akaangalie televisheni."

"Hatakubali."

"Nitajaribu."

Alijaribu. Mzee alisema televisheni ya jirani inamwonyesha watu wenye vichwa viwili viwili, na isitoshe leo ni siku ya kumalizia Shangazi, anataka aone. Shangazi lilikuwa gari. Pancha ndiye aliyelibatiza siku walipolivuta kutoka kwenye banda la kuku, limejaa vinyesi mpaka kwenye usukani, akasema limefanana na shangazi yake, limenuna lakini lina heshima.

*

Kinyozi alianza gurudumu la mbele kushoto, ambalo lilikuwa limetolewa kama mengine yote. Aliegesha spana ya kupimia kwenye nati ya kwanza, akavuta. Tik. Ya pili ikalia tik, na ya tatu pia. Kila ilipolia alihisi mgongo ukilegea kidogo, halafu ukakaza tena kabla ya inayofuata.

"Unafanya nini sasa?" mzee aliuliza kutoka kitini.

"Nahakiki tu, baba."

"Unahakiki iliyokwisha?"

"Ni safari ndefu."

"Hiyo ni kweli," mzee alikubali. "Hata mimi bango likikamilika nilikuwa narudi nyuma hatua kumi nalitazama. Hakiki, hakiki."

Mke alikuja akakaa kwenye ngazi na beseni la nguo ambazo tayari zilikuwa safi, akawa anazikunja. Nati ya kumi na moja ilikuwa kwenye tairodi, fimbo fupi inayosukuma gurudumu lifuate usukani. Juu yake palikuwa na mstari mzuri kuliko yote. Hapo nafasi ilikuwa pana na mzee alikuwa amejinyoosha. Kinyozi alivuta.

Spana haikulia. Ilizunguka. Mstari ukakatika katikati, nusu moja ikabaki kwenye chuma, nusu nyingine ikaondoka na nati, ikazunguka robo, nusu, duara zima. Alivuta tena na bado ilizunguka. Mke alikuwa ameacha kukunja. Duara la pili. Katikati ya duara la tatu ndipo iliposema tik.

Mzee alikuwa amegeuza sikio. Macho yalikuwa na ukungu, masikio hayakuwa nao.

"Hiyo ilichelewa," alisema.

"Kidogo, baba."

"Zile nyingine hazikuchelewa."

Kinyozi alikuwa akihamia nati ya kumi na mbili geti lilipogongwa na kufunguliwa papo hapo. Alikuwa Pancha, amebeba pampu ya upepo begani, amekuja kufunga magurudumu kama walivyopatana. Pancha hakuwahi kuingia mahali kimya.

"Shangazi ameamka? Wenyewe hamjambo? Mzee shikamoo. Dada, nguo hizo unazikunja au unazipiga pasi kwa macho?" Aliweka pampu chini, akachuchumaa kando ya Kinyozi, akaona mstari uliokatika. Akaona nati inayofuata. Akachungulia ndani zaidi, kwenye bushi, na kwa kuwa mikono yake haikuweza kutulia aliishika nati moja yenye mstari safi, akaizungusha kwa vidole viwili kama anafungua chupa ya maji.

"Kinyozi," alisema. "Hii nini?"

"Acha, Pancha."

"Hii imechorwa na haijakazwa. Na hii. Bushi zote umezichora gari likiwa juu? Ulikuwa umelewa? Nani amechora hii?"

"Nimesema acha."

"Siachi. Mtu aliyechora hii alitaka mfe kona ya kwanza. Mtu kama huyo anapelekwa polisi, si anaachwa—"

"Ni mimi," mzee alisema.

Pampu ilikuwa imelala ubavu na ilikuwa ikitoa upepo taratibu. Pancha alisimama. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, lakini alisimama mikono imening'inia kama aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mzee, sikujua. Nisamehe. Mdomo wangu huu."

"Mdomo hauna kosa. Niambie wewe, kwa sababu huyu ataninyamazia mpaka nife. Mstari ni wa nini?"

Pancha alimtazama Kinyozi. Kinyozi alikuwa anaifuta spana kwa kitambaa, upande uleule, mara nyingi.

"Ni wa kusema imekazwa, mzee," Pancha alisema polepole. "Haichorwi mpaka ikazwe. Ndiyo ahadi yake."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Mimi nilidhani ni urembo," alisema. Alishika mikono ya kiti, akajiinua kwa mara mbili, akakataa mkono wa binti yake, akaingia ndani. Mlango wa chumba chake ulifungwa bila kelele.

"Pancha," mke alisema.

"Najua, dada."

"Hujui. Jana aliimba."

*

Kinyozi aliendelea kukaza. Hakuona jambo jingine la kufanya na mikono yake, na jua halikuwa likimsubiri. Pancha alichukua boksi spana akaanza upande wa pili, kufungua vifuniko vya breki ili nati za ndani zifikike, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alifanya kazi bila kusema neno. Nati ya kumi na tisa ilizunguka duara moja. Ya ishirini na nne ilizunguka mawili. Kila iliyozunguka, Kinyozi aliiona kesho: mkewe kiti cha mbele, mzee kiti cha nyuma na sanduku la brashi mapajani, kona ya kumi na nne.

Mke alimpigia fundi mawe. Walimsikia akisema ndiyo, ndiyo, naelewa, hapana si gari limekataa. Alirudi.

"Kesho atasubiri mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo analisimamisha na kuondoka, ana kazi wilaya nyingine Jumapili. Anasema baba akitaka, jina ataandika yeye kwa patasi."

"Mwandiko wake ukoje?" Pancha aliuliza.

"Ameniambia mwenyewe si mzuri."

Mlango wa ndani ulifunguka. Mzee alitoka amebadili nguo. Alikuwa amevaa koti lake la kazi la zamani, lenye rangi za mabango ya miaka thelathini, nyekundu ya mchinja nyama, kijani ya duka la dawa. Mkono mmoja ulishika sanduku la brashi, mwingine chupa ya dawa ya kufutia rangi na furushi la vitambaa.

"Godoro langu dogo litoe," alimwambia binti yake. "Lile la sponji."

"Baba, ulale nje?"

"Nilale chini ya gari. Gunia lile limenimaliza mgongo." Akamgeukia Kinyozi. "Kabla hujaendelea. Yangu yote ifutwe. Ile ambayo hujaigusa isiwe na mstari, hata kipande. Nitafuta mwenyewe. Nilichora kwa siku mbili, kufuta ni nusu saa."

"Baba, si lazima uingie huko. Nitafuta mimi."

"Mkwe," mzee alisema, na hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya posa. "Uliniona nimekosea ukaniambia imenyooka."

Kinyozi aliinamisha kichwa.

"Ulifanya hivyo kwa heshima. Nimeipokea. Lakini heshima hiyo ingenishusha mlima na nati zisizokazwa. Sasa sogea."

Walimshusha kwenye godoro, binti ameshika mabega, Pancha ameshika goti bovu kana kwamba ni yai, wakamsukuma taratibu mpaka kichwa kikaingia chini ya gari. Kinyozi aliingia upande wa pili. Hakuwa amewahi kulala karibu hivyo na baba wa mkewe. Hata kwenye kochi huacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Bega liligusa bega. Mzee alinukia sabuni na dawa ya rangi.

"Ingekuwa zamani," Pancha alisema kutoka nje, mdomo umeanza kumrudia, "mkwe na mkwe wangeonekana hivi, kingeitwa kikao."

"Kiite," mzee alisema. "Lakini wewe ukae mlangoni."

Alifuta kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anayesoma. Mistari mizuri iliyeyuka ikawa uchafu mweupe kwenye kitambaa. Kinyozi alitaka kuangalia pembeni, akaona si haki. Walipomaliza nati zote zilikuwa tupu, na ile ya tairodi na nyingine zilizokwisha kukazwa zikapimwa tena mbele ya mzee.

"Umeikaza?"

"Nimeikaza, baba."

"Nisikie."

Tik.

Ndipo brashi ilipoinuka. Mkono ulikuwa umechoshwa na kufuta, na safari hii hapakuwa na muda wa kuupumzisha. Mstari ulitoka na tumbo katikati.

"Umepinda, baba," binti alisema. Alikuwa amepiga magoti, anamulika tochi.

"Acha upinde."

Walikwenda hivyo. Umeikaza, nimeikaza, nisikie, tik. Mara moja Kinyozi, kwa uchovu, alijibu nimeikaza kabla spana haijagusa nati, na brashi ya mzee ikabaki hewani, haikushuka, mpaka alipogundua mwenyewe na kuvuta. Nati ilizunguka nusu duara. Mzee alichora, akasubiri inayofuata.

Walipofika ya arobaini na moja tochi ilianza kuwa ndiyo mwanga pekee. Kinyozi alizijua dalili: vichwa vya nati vilianza kufanana, na spana ilimteleza mara mbili ikamchuna kidole. Aliitua kifuani.

"Gizani sikazi," alisema. "Tik unaweza kuisikia, lakini pengine si ya nati unayodhani."

"Zimebaki hamsini na tano," mke alisema. Naye alikuwa akihesabu. "Mkianza saa kumi na mbili asubuhi, dakika tatu tatu, mnamaliza saa tatu kasorobo. Tukitumia saa tatu njiani, saa sita kasorobo tuko juu."

"Bado magurudumu," Kinyozi alisema. "Na kulishusha. Na zile za bushi hazikazwi mpaka lishuke. Na kulizungusha mtaani kwanza."

"Magurudumu ni yangu," Pancha alisema. "Nitakuja saa kumi na moja. Dada, usinitengenezee chai, nitachelewa kuinywa."

"Hiyo robo saa inayobaki ndiyo ya kulizungusha," mke alisema, na sauti yake haikuwa na uhakika nayo.

"Na tusipowahi?" Kinyozi aliuliza. Hakumuuliza mtu fulani.

Mzee alikuwa bado amelala, brashi juu ya kifua chake, akiisafisha unywele kwa unywele kwa kitambaa.

"Tusipowahi ataandika fundi mawe," alisema. "Herufi zitapinda. Mama yenu aliishi na mimi miaka arobaini na mbili, kupinda hakumtishi. Lakini tusishuke mlima na kitu ambacho hatujakisikia."

Walimvuta nje. Kabla kichwa hakijatoka aliwazuia, akanyoosha mkono nyuma, akapapasa chuma mpaka akaipata nati ya arobaini na mbili, iliyokuwa tupu na baridi. Aliiwekea kidole gumba.

"Kesho tunaanzia hapa?"

"Hapo, baba. Pasipo na mstari."

Aliiacha. Mke alizima tochi ili betri zibaki, na wakaanza kukusanya vitu kwa kupapasa, spana kwenye kitambaa chake, brashi kwenye sanduku lake. Godoro walikubaliana libaki palepale chini ya gari.